Somo: Adabu za kwenda kuangalia nyumba inayouzwa Dar

Wakuu, salaam. Habari za hati na wanasheria zinaulizwa humu kila siku, na zina wataalamu wake. Mimi ni fundi ujenzi. Wanunuzi hunichukua niwasindikize kukagua, na leo nazungumzia ule muda mfupi unaokuwa ndani ya nyumba ya watu. Nimeona bei zikigoma kushuka, na kisa si hela, ni namna mnunuzi alivyoingia. Ukienda kuangalia nyumba, na wewe unaangaliwa. Mwenyeji akikuridhia ndipo atakwambia masika maji yanafika wapi.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka kwako

Malizana na dalali kwa simu. Anayeuza ni nani hasa? Mwenyewe atakuwepo? Karatasi ni ipi: hati, ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja kabla ya hati), leseni ya makazi, au mauziano ya serikali ya mtaa tu? Leseni ya makazi haizidi miaka 5, kwa hiyo mtu asikuuzie kwa bei ya hati. Akikujibu "wewe njoo tu bosi, utajionea", usiende kwanza.

Halafu uliza kama wapangaji wanajua. Hili watu hulisahau. Nyumba nyingi za Magomeni, Temeke au Ilala ni za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na familia yake. Inawezekana mwenye nyumba hajawaambia. Wewe unaingia na kuanza, "hapa navunja, hapa naweka fremu za maduka", na mama anayekaanga mihogo uani anajulia kwako kwamba anahamishwa. Jioni nyumba nzima imechafuka, na lawama ni zako.

Nenda asubuhi jua likishatoka vizuri, au baada ya alasiri. Ijumaa mchana achana nayo. Msizidi watatu. Wengine husema uache gari mbali ili bei isipande. Mimi sioni maana yake, dalali ameshakupima kwenye simu. Usizibe tu njia ya watu.

Hatua ya 2: Mlangoni

Piga hodi, hata kama mlango uko wazi na dalali ametangulia ndani. Wazee wa barazani wape shikamoo kabla hujauliza lolote. Ukiona viatu vimeachwa mlangoni, vua vyako. Ukikaribishwa kiti, kaa. Ukiletewa maji au soda, pokea. Sema jina lako na unakaa wapi. Dakika kumi za mazungumzo ya kawaida zinafungua vyumba ambavyo haraka ingevifunga.

Hatua ya 3: Ndani

Hapa macho yafanye kazi, mdomo upumzike. Na mteja wangu huwa tunapatana kabisa kabla: ndani sisemi kitu, maoni yangu atayapata tukishafika barabarani. Mtu amejenga tofali kwa tofali miaka kadhaa, halafu mgeni anasimama sebuleni kwake na kusema "hii plasta ovyo". Hata ukiwa na haki, umeshamkera, na mtu aliyekereka hapunguzi bei.

Usifungue mlango wa chumba mwenyewe. Sema "naomba tuone na chumba hiki", kisha subiri. Mwenye chumba atataka kuficha nguo, kutandika kitanda. Kama kuna mgonjwa au mtoto amelala, ruka, utarudi siku nyingine. Makabati si sehemu ya nyumba inayouzwa. Picha ombea ruhusa, na watu wasiingie kwenye picha.

Sasa uangalie nini? Anza chini ya kuta. Plasta inayomeng'enyuka na kuacha unga mweupe hadi usawa wa goti ni chumvi na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Tatizo hili Dar lipo sana. Ukikuta ukuta umepakwa rangi mpya kwa chini tu, jiulize kinachofichwa ni nini. Mara nyingi ni mstari wa mafuriko. Nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kwenye kona za madirisha na milango zinakuambia uliza habari za msingi. Madoa ya kahawia kwenye silingi ni bati linavuja.

Omba kufungua bomba. Uliza kama ni maji ya DAWASA au ya kisima. Kama ni ya kisima, onja, maana visima vingi vya huku pwani ni chumvi. Uliza luku, yaani mita ya umeme, ni moja au kila mpangaji na yake. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye luku, hivyo si vibaya kuuliza kama mita ina deni. Choo kiache cha mwisho, na uliza shimo liko wapi na huwa linanyonywa baada ya muda gani.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Usiseme "mbona ukuta umepasuka?" Sema "mzee, mlijenga mwaka gani?" Mwenyewe atakueleza kiwanja alikipataje, fundi wa kwanza aliyemtoroka, na chumba cha uani kilichoongezwa baadaye bila msingi wa maana.

Hatua ya 4: Bei

Usijadili bei mbele ya wapangaji wala watoto wa nyumba. Ukiona dalali amepachika cha juu kikubwa, yaani nyongeza yake juu ya bei ya mwenye nyumba, liongeleeni wote watatu mkikaa pamoja. Kubadilishana namba na mwenye nyumba kwa siri ili umruke dalali ni ushauri unaotolewa sana mitandaoni, na mimi siukubali. Dalali wa mtaa ni mtoto wa mtaa huo, nawe unakwenda kuishi hapo.

Hatua ya 5: Mtaani

Nunua kitu dukani, kaa kijiweni kwa bodaboda, salimia mama lishe. Uliza habari za mvua ya masika. Nyumba ikiwa karibu na bonde la Msimbazi au mto wowote, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Tazama kama kuna X ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa, hata iliyofutwa. Waliokuwa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara wanakumbuka bomoabomoa ya 2017. Rudi Jumamosi usiku usikilize muziki wa baa ya jirani. Ukiipenda nyumba, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa ndio wa kuwaona, ndipo uende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, yaani kuhakikisha mmiliki aliyesajiliwa ni nani.

Usipoipenda, mwambie dalali kesho yake. Usiwaache watu wanangoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: Dalali anataka hela ya kuonyeshwa kabla sijaona chochote. Nitoe?

Jibu: Nauli na usumbufu wake mpe, lakini mpatane kiasi mapema na umpe mkishafika. Advansi ya nyumba ni kitu kingine kabisa. Hiyo haipiti mkononi mwa dalali, wala haitoki siku ya kuangalia.

Mwanachama wa Mbagala: Ukutani wameandika "Nyumba hii haiuzwi", dalali anasema nisijali, ni maandishi ya zamani.

Jibu: Jali, mkuu. Maandishi yale huwekwa kwa sababu kuna mtu alishajaribu kuiuza bila ridhaa ya wenzake. Usiingie ndani kabisa. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwanachama wa Kigamboni: Nyumba ya urithi. Kaka mkubwa ndiye aliyetuonyesha, mama yao amekaa kimya muda wote. Nimuulize?

Jibu: Msalimie, mpe pole ya msiba, kaa naye kidogo. Usimuulize kama anataka kuuza, utamweka pabaya mbele ya mwanawe. Kaka muombe barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Na hata pasipo na msiba, nyumba ya mke na mume haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Hilo limo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukiona mama wa nyumba ananuna kila ukitaja kununua, umeshajibiwa.

Mwanachama wa Mbezi: Mimi ni mwanamke, nanunua kwa hela yangu. Kila ninapokwenda naulizwa "shemeji yuko wapi?"

Jibu: Dada yangu, huna deni la maelezo. "Nimekuja mimi" inatosha, kisha endelea na swali la maji. Ila nyumba tupu usiingie peke yako na dalali usiyemjua. Nenda na ndugu au fundi, na aliyebaki nyumbani ajue uko mtaa gani.

Mwanachama wa Sinza: Mzee ameniambia nikija kumalizia kukagua Jumapili nile chakula cha mchana kwao. Nikila, bei nitaishushaje?

Jibu: Kula, mkuu. Kukataa ndiko kutakakokuponza. Siku hiyo usitaje hela kabisa, labda mzee aanze mwenyewe. Jumatatu mpigie, shukuru kwa chakula, kisha taja bei yako na gharama za ule ukuta wa uani ulizopigiwa hesabu na fundi. Na hesabu hiyo uwe nayo kwa maandishi, maana atakuuliza.