Mti wa Krismasi wa ndoo
Bei za mapambo Kariakoo mwezi Desemba hazina huruma. Omba tawi la mvinje kwa jirani mwenye mti. Tia mawe kwenye ndoo kuukuu, simamisha tawi, jaza mchanga na ushindilie. Mwagia maji kila asubuhi, la sivyo majani yatapukutika na utafagia sebule hadi uchoke. Ndoo ifunike kwa kitenge. Halafu pita kwa fundi cherehani uombe vipande vya vitenge (vingi huishia jalalani), watoto wakate pembetatu, mzitunge kwenye uzi kutoka dirisha hadi dirisha. Maua mekundu ya mkrismasi (ule mti wa kivuli unaochanua Desemba, si mvinje) yachumeni tarehe 25 yenyewe, hunyauka upesi. Mishumaa karibu na mvinje uliokauka, hapana kabisa.