Maji ya korona: namna ya kuanza kutafuta dawa kwenye taka za mkonge

Wanafunzi wakija maabara huniuliza, "Shangazi, mkonge unatibu nini?" Huwajibu kwamba swali limekaa vibaya. Uliza kwanza ndani ya taka zake mna nini, mna kiasi gani, na kama wiki ijayo utakipata tena.

Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge, upande wa Korogwe. Baba alikuwa mtu wa korona, yaani mashine ya kukamua majani ya mkonge, si ugonjwa, na harufu ilimtangulia kabla hajabisha hodi. Ukiingiza mashineni kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi, unazopata ni kama kilo 4. Kilichobaki ni makapi na yale maji ya kijani, ambayo yakiingia mtoni samaki huelea. Kinachowaua, pamoja na uchachu wa taka zenyewe, ni saponini, kemikali za mmea zinazotoa povu kama sabuni.

Mwaka 1951 watafiti Callow, Cornforth na Spensley waliandika kwamba saponini hizo zinaweza kutoa hekojenini, kiini kinachobaki sukari zake zikikatwa, na viwanda vya dawa Uingereza vikaifanya malighafi ya kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Sababu ni ya kikemia: hekojenini ina oksijeni kwenye kaboni ya 12, jirani kabisa na kaboni ya 11 ambako kotisoni inaitaka. Kuisogeza hatua moja ni kazi, lakini ni nafuu kuliko kuanzia patupu. Kwa hiyo hekojenini si dawa. Ni mti wa kuchongea dawa.

Anza kwa barua kwa meneja wa shamba. Taka nazo zina mwenyewe. Omba maji ya majani yaliyokomaa, yale ya chini, maana ndiyo yenye hekojenini zaidi. Andika umri wa shamba, saa ya kukata, na kama mvua ilinyesha. Chukua mapipa matatu ya siku tatu tofauti. Pipa moja linaweza kukudanganya. Matatu yatabishana, nawe utajua ukweli uko wapi.

Chuja singa fupi kwa kitambaa, kisha acha maji yachachuke kwenye pipa lililo wazi kama wiki moja. Vimeng'enya vya mmea wenyewe huanza kukata sukari zilizoshikana na saponini, na tope huzama. Mwaga maji ya juu taratibu, baki na tope. Na tafadhali, usifunge kizibo. Mimi nilisafiri na dumu lililofungwa kwenye basi la Dar, likatuna tangu Muheza, na kufika Segera likapasuka chini ya kiti cha mama mmoja aliyevaa kitenge kipya. Nililipa kitenge, na sampuli ikaishia sakafuni.

Hatua inayofuata ni ya maabara tu, si ya jikoni. Tope huchemshwa kwa asidi ya haidrokloriki kwenye flaski yenye kipozeo kwa saa kadhaa, sukari zilizobaki zikatike. Punguza asidi mpaka isiwe kali, chuja, kausha, halafu nyonya hekojenini kwa heksani. Heksani inashika moto haraka: tumia hita ya umeme, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Weka tone la ulichopata kwenye bamba la silika, na pembeni yake tone la hekojenini halisi uliyonunua. Simamisha bamba kwenye kiyeyushio kidogo; madoa yakipanda sawa, una dalili nzuri, lakini si ushahidi. Tigojenini, nduguye, hupenda kumfuata, kwa hiyo peleka sampuli kwenye mashine za kupima umbo la molekuli.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu huchukua maji ghafi ya mkonge, huyamimina juu ya seli za saratani, zinakufa, naye anakimbilia kutangaza. Saponini hupasua utando wa seli za aina nyingi, hata chembe nyekundu za damu yako wewe. Kabla ya kufurahi, pima kama sampuli inapasua chembe za damu, na kama inaua seli zisizo na saratani kwa kipimo kilekile. Weka pia chombo chenye kiyeyushio peke yake, maana hekojenini haiyeyuki kwenye maji, na nimeona majaribio ambayo muuaji alikuwa kiyeyushio. Kikombe cha vidudu vya maji chumvi, wale vijana huwaita brine shrimp, ni kipimo cha kwanza cha bei nafuu. Kinakuambia sumu, hakikuambii tiba.

Matokeo yakijirudia kwenye mapipa yote matatu, funga mdomo kwanza. Ukisimama kwenye kongamano kabla ya kuomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, upya wa wazo umeutoa bure. Na usiombe hataza ya kupata hekojenini kwenye mkonge, hiyo ilishatangazwa tangu 1951. Omba ya njia yako mpya, kama ipo. Majaribio kwa binadamu yanahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kabla ya hapo asionjeshwe mtu, hata mjomba mwenye vidonda sugu anayesema yuko tayari.

Ukienda korona, vaa buti na glavu ndefu, na beba dumu lenye tundu kwenye kizibo.