Kutoka sakafu ya saruji hadi zulia la wushu: somo kwa wanaojiandaa kwenda kushindana nje

Mashindano yangu ya kwanza ya wushu, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina, nje ya Kenya yaliniponyoka kwa sababu ya unyayo wa mguu wa kulia. Miezi minane nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuruka katika ukumbi mmoja wa mtaani huku Eastlands, na nilipofika kusini mwa China miruko yangu yote ilikwenda sawa. Lakini kila niliposhuka kwenye pubu, ule mkao ambao mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooshwa chini kabisa, ukingo wa nje wa unyayo ulinyanyuka. Ulinyanyuka mara tatu, na kila mara majaji wakanikata 0.1. Aliyechukua shaba alinizidi kwa 0.2. Kwa hiyo wanafunzi wangu wakiniuliza habari za tiketi, mimi huwauliza kwanza habari za nyayo.

Hatua ya kwanza: jua unaingilia mlango upi

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni mashindano rasmi ya Shirikisho la Kimataifa la Wushu, lililoanzishwa 1990 na kufanya mashindano yake ya kwanza ya dunia Beijing mwaka 1991. Huko huwezi kujisajili mwenyewe. Unateuliwa na kupelekwa na shirikisho la nchi yako, kwa hiyo lazima uonekane kwanza katika mashindano ya hapa nyumbani. Mlango wa pili ni mashindano ya wazi na yale ya mitindo ya jadi, ambako klabu inaweza kupeleka watu wake. Ukiwa mgeni, anzia huu wa pili.

Vilevile amua kama wewe ni wa taolu, yaani fomu (mfululizo wa matendo uliopangwa) za mikono mitupu na za silaha, au ni wa sanda, yaani kupigana. Nimeona vijana wakijiandikisha kote kuwili kwa sababu nauli ni ileile. Wanarudi na majeraha na mikono mitupu.

Hatua ya pili: elewa alama zinakatwaje

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Fomu yenye miruko migumu huhesabiwa kwa alama 10: tano ni za ubora wa kila tendo, tatu za uchezaji kwa jumla, na mbili tu ndizo za ugumu. Pasipo sehemu ya ugumu, inakuwa tano kwa tano. Sasa jiulize: mbona mazoezi yetu mengi ni ya zile mbili?

Jaji wa ubora hakuwekei alama, anakukata. Katika mabu, ule mkao wa kama umepanda farasi, paja lisipokuwa sambamba na sakafu, 0.1. Halafu kuna mizani ya mwili: kuyumba ni 0.1, kugusa chini kwa mkono ili usianguke ni 0.2, kuanguka ni 0.3. Piga hesabu hiyo usiku kabla ya kuongeza mruko mpya katika fomu yako. Kanuni yangu ni hii: mruko ambao hutui sawasawa mara tisa kati ya kumi, tena asubuhi ya baridi ya Julai ukiwa hujanywa hata chai, uache Nairobi.

Zulia lina urefu wa mita 14 na upana wa mita 8. Chukua futi na chaki, ulichore kwenye sakafu mnayofanyia mazoezi, hata kama ni uwanja wa shule. Kukanyaga nje ya mstari kunakatwa, na mtu aliyezoea ukumbi mdogo hajui mwili wake unakula nafasi kiasi gani. Chora pia mahali unapoanzia. Fomu ya changquan (mtindo wa kaskazini) au nanquan (mtindo wa kusini) isipungue dakika moja na sekunde 20. Ile ya taijiquan, yaani taiji ya mwendo wa polepole, ya kujichagulia iwe kati ya dakika tatu na nne. Mtu akushikie saa, kwa sababu siku ya shindano moyo hukimbia na fomu hufupika.

Hatua ya tatu: silaha

Upanga ukishikwa kwa mkono wa kushoto ulioning'inia kando ya mwili, ncha yake ifike angalau juu ya sikio. Fimbo isiwe fupi kuliko wewe. Mkuki usimame na kufika ncha ya kidole chako cha kati ukiwa umeinua mkono. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanaweza kukutengenezea upanga mzuri wa mazoezi, na uzito wake utakupa bega. Lakini usifike nao shindanoni: wepesi wa upanga wa mashindano utakushangaza katikati ya fomu. Nunua huo wa mashindano mapema, uuzoee miezi mitatu. Safarini silaha zote huingia kwenye mzigo wa chini ya ndege, na uulizie shirika la ndege urefu wa mkuki kabla ya siku ya kuondoka.

Hatua ya nne: karatasi na pesa

Pasipoti kupitia eCitizen, barua ya mwaliko, viza, bima, cheti cha daktari, kadi ya homa ya manjano. Anza miezi minne kabla. Harambee ifanywe mapema pia. Watu huchanga kwa moyo wakiona barua ya mwaliko kuliko wakisikia maneno.

Hatua ya tano: saa ya mwili

China iko mbele yetu kwa saa tano. Ukiitwa zuliani saa mbili asubuhi kule, mwili wako uko Nairobi saa tisa usiku. Wiki ya mwisho lala mapema na uamke saa tisa na nusu ufanye fomu, majirani wakuvumilie. Tunaishi mita 1,700 hivi juu ya bahari na pumzi zetu ni nzuri, lakini joto la unyevu la kusini mwa China si la kwetu. Kunywa maji kabla ya kiu.

Ukisikia jina lako, toa salamu: ngumi ya kulia, kiganja cha kushoto. Tembea hadi mahali pako, tulia. Saa huanza unapoanza kusogea, kwa hiyo usijikune.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina miaka 58 na hufanya taiji tu na wenzangu Jumapili asubuhi. Kuna nafasi yangu?*

Ipo, Mzee wangu. Mashindano mengi ya jadi hugawa watu kwa umri. Ila fomu ya taiji ya miondoko 24, iliyotungwa 1956, kila jaji anaijua kama anavyojua njia ya kwao. Usiipambe. Ifanye ilivyo, magoti yasipite ncha za vidole vya miguu.

*Sifu, mimi ni bondia kutoka Mathare, kilo 65. Nikiingia sanda si nitawamaliza kwa ngumi?*

Ndugu yangu, ngumi zako zitakusaidia, lakini kule utakamatwa mguu na kutupwa. Jukwaa lina mita 8 kwa 8 na limeinuka sentimita 80. Ukiangushwa nje yake mara mbili katika raundi moja, raundi imekwenda. Raundi ni za dakika mbili, anayeshinda mbili ndiye mshindi. Tafuta mtu wa judo au mieleka akuangushe kila jioni kwa miezi sita, kisha tuzungumze.

*Dada, binti yangu ana kifua. Tunaweza kumpa dawa za mitishamba za Kichina badala ya za duka la dawa?*

Mama, tafadhali usimpe kabla ya kuuliza. Mmea uitwao mahuang una efedrini, nayo imepigwa marufuku wakati wa mashindano. Umo katika dawa nyingi za kifua za Kichina, na hata dawa za mafua za hapa zinaweza kuwa na kitu cha jamii hiyo. Mweleze daktari kwamba mtoto anashindana, kisha wapelekee jina la dawa watu wa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Kama ni mgonjwa kweli, atibiwe kwanza, zulia litamsubiri.

*Sisi huku Kayole hatuna zulia kabisa. Tukifika kule si miguu itashangaa?*

Itashangaa. Zulia hurudisha nguvu kidogo na saruji hairudishi, kwa hiyo siku ya majaribio ya ukumbi mkifika, rukeni mara kumi tu mjue mnatua wapi, halafu mrudi kwenye mikao ya chini. Hadi wakati huo, saruji inatosha kwa pubu na mabu, na magoti yawekewe godoro kwa miruko. Jumamosi nitakuja huko saa tatu asubuhi. Mje na futi na chaki, tupime pamoja.