Namna ya Kupima Ajira na Ukosefu wa Ajira kwa Takwimu za Nguvukazi

Kiwango cha ukosefu wa ajira kinachotangazwa na ofisi ya takwimu ya taifa hakipatikani kwa kuwahesabu watu wanaojiona kuwa hawana kazi. Kinapatikana kwa maswali yanayoulizwa kwa mpangilio maalumu, na swali moja likiachwa au likibadilishwa, mtu yule yule huhama kutoka kundi moja kwenda jingine. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima hali ya ajira, au kusoma vipimo vya wengine bila kupotoshwa, aanze na dodoso ndipo aende kwenye hesabu.

Jambo la kwanza ni kuchagua chanzo cha takwimu. Orodha za waliojiandikisha kutafuta kazi ni rahisi kupatikana, lakini hufuata kanuni za utawala, si hali halisi ya watu. Mwaka 1982 Uingereza iliacha kuwahesabu waliojiandikisha katika ofisi za ajira na kuanza kuwahesabu wanaodai mafao ya kukosa ajira, na idadi rasmi ikabadilika bila mtu yeyote kuajiriwa wala kufukuzwa kazi. Takwimu zinazokusanywa kutoka kwa waajiri nazo ni nzuri kwa kufuatilia mishahara na nafasi za kazi, ila mtu mwenye kazi mbili huonekana mara mbili, na aliyejiajiri haonekani kabisa. Chanzo kinachoweza kuwagusa watu wote, wenye mikataba na wasio nayo, ni utafiti wa nguvukazi unaofanyika katika ngazi ya kaya.

Utafiti huo hufanyika kwa sampuli. Kwa kawaida huchaguliwa kwanza maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa wakati wa sensa, kisha kaya zote za maeneo yaliyochaguliwa huorodheshwa upya, na baadhi yake huchaguliwa kwa bahati nasibu. Orodha ya zamani isitumike kwa kuokoa gharama, kwa kuwa wanaohamahama kutafuta riziki ndio hasa wanaokosekana humo. Kila anayehojiwa hupewa uzito, yaani idadi ya watu anaowawakilisha katika nchi. Nchini Marekani utafiti wa kila mwezi hutumia takriban kaya 60,000. Nchi nyingine zenye uwezo mdogo hupima kila robo mwaka, au baada ya miaka kadhaa.

Kiini cha kazi yote kiko kwenye mahojiano. Chagua kipindi kifupi cha kurejelea, ambacho kwa desturi ni wiki moja, na uulize kuhusu watu wenye umri wa kufanya kazi, mara nyingi kuanzia miaka 15. Swali la kwanza huwa kama hili: “Katika siku saba zilizopita, je, ulifanya kazi yoyote kwa malipo au kwa kujipatia faida, walau kwa saa moja?” Fundi cherehani aliyeshona suruali moja kwa saa tatu wiki nzima huhesabiwa kuwa na ajira. Wengi hukikebehi kigezo hicho cha saa moja, na kebehi yao ina mantiki, lakini kigezo chenyewe kinalingana na hesabu za pato la taifa, ambazo hujumuisha kila kazi iliyozalisha kitu, hata ikiwa ndogo. Kosa ni kumtangaza fundi huyo kama mtu mwenye kazi ya kutosha. Kumhesabu si kosa.

Swali hilo moja halitoshi. Mama anayesaidia dukani kwa mumewe kila siku bila mshahara atajibu kwa unyoofu kabisa kwamba hafanyi kazi. Ndiyo maana dodoso zuri huongeza swali la pili kuhusu kusaidia biashara ya familia, na la tatu kuhusu aliye na kazi lakini hakuwepo wiki hiyo kwa sababu ya likizo, ugonjwa au uzazi. Wote hao wana ajira. Mdadisi anayeruka maswali haya kwa haraka huwafuta wanawake wengi kwenye takwimu, na hakuna fomyula itakayowarudisha baadaye.

Hapa kuna badiliko kubwa la kuzingatia. Mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2013, uliamua kwamba ajira ni kazi ya malipo au faida pekee. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, tena kazi nzito, lakini hahesabiwi kuwa na ajira. Katika nchi yenye wakulima wengi wa aina hiyo, kuhamia tafsiri mpya kunaweza kushusha idadi ya wenye ajira kwa kiasi kikubwa. Usilinganishe mwaka wa tafsiri ya zamani na wa tafsiri mpya mpaka takwimu za nyuma zikokotolewe upya.

Asiye na ajira, kwa maana ya kitakwimu, ni mtu aliyetimiza masharti matatu kwa pamoja: hakuwa na ajira katika wiki ya kurejelea, alifanya jambo la kutafuta kazi ndani ya wiki nne au mwezi mmoja uliopita, na yuko tayari kuanza kazi wakati huo au ndani ya muda mfupi usiozidi wiki mbili. Kutafuta kazi ni kitendo, kama vile kutuma maombi, kuwafuata waajiri, au kutafuta mtaji na leseni ya kuanzisha biashara; kutamani kazi peke yake hakutoshi. Aliyekwisha kupata kazi inayoanza ndani ya miezi mitatu hasharutishwi kutafuta nyingine. Waliobaki wako nje ya nguvukazi.

Sasa tukokotoe. Chukua watu 1,000 wenye umri wa kufanya kazi: 560 wana ajira, 40 hawana ajira kwa masharti yale matatu, na 400 wako nje ya nguvukazi. Nguvukazi, yaani wenye ajira pamoja na wasio na ajira, ni 600. Kiwango cha ushiriki ni 600 kwa 1,000, yaani asilimia 60. Uwiano wa wenye ajira kwa idadi ya watu ni asilimia 56. Na kiwango cha ukosefu wa ajira ni 40 kwa 600, yaani asilimia 6.7. Anayegawanya 40 kwa 1,000 na kutangaza asilimia 4 amekosea.

Tuseme mwezi unaofuata watu 10 kati ya wale 40 wanaacha kutafuta. Kiwango kinashuka hadi 30 kwa 590, yaani asilimia 5.1, ilhali hakuna hata mmoja aliyepata kazi, na uwiano wa wenye ajira umebaki asilimia 56. Kwa maoni yangu, taarifa yoyote inayotoa kiwango cha ukosefu wa ajira bila uwiano huo pembeni yake isisomwe zaidi ya kichwa cha habari.

Ili kuwaona waliokata tamaa, tumia kipimo kipana. Turudi kwenye mwezi wa kwanza, tuseme kati ya wale 400 wapo 60 walio tayari kufanya kazi ila hawakutafuta, au waliotafuta ila hawakuwa tayari kuanza mara moja. Waongeze juu na chini: 100 kwa 660, asilimia 15.2. Ikiwa miongoni mwa wenye ajira wapo 50 wenye saa chache wanaotaka saa zaidi na wako tayari kuzifanya, mmojawapo akiwa yule fundi cherehani, kipimo kinafika 150 kwa 660, asilimia 22.7. Sampuli ni ile ile.

Mwishowe, usitangaze badiliko kabla ya kuangalia makosa ya sampuli: tofauti ya asilimia 0.1 kati ya miezi miwili mara nyingi ni bahati ya sampuli tu. Linganisha robo mwaka na robo ile ile ya mwaka uliopita, au tumia takwimu zilizoondolewa athari za msimu, na kila jedwali lionyeshe wazi mahali ambapo dodoso au tafsiri ilibadilika.