Kusafisha udongo na maji ya chini kwenye eneo la kiwanda cha zamani kwa kemikali

Kabla hujauliza ununue kemikali gani, uliza kwanza huko chini kuna sumu gani na imekaa wapi, maana kemikali inayomaliza sumu moja inaweza ikaichochea nyingine. Tafuta ramani za zamani za kiwanda, waulize waliofanya kazi pale matanki yalikuwa wapi na uchafu ulimwagwa upande gani, halafu chimba visima vya kupimia na uchukue sampuli za udongo kwa kina tofauti tofauti, sio juu juu tu. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji so utazikuta zinaelea juu ya maji ya chini, ila trikloroethilini, ile ya kutolea grisi kwenye vyuma, ina uzito karibu mara moja na nusu ya maji, inazama mpaka ikute udongo wa mfinyanzi na hapo inakaa miaka na miaka ikivuja kidogo kidogo. Kama sumu yenyewe bado imejikusanya kama dimbwi, ivute kwanza kwa pampu au ondoa udongo uliolowa, usitegemee kemikali imalize dimbwi zima.

Sasa kuchagua. Pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau, inavunja vizuri trikloroethilini na inadumu ardhini wiki hadi miezi, lakini benzini iliyomo kwenye petroli haiiwezi. Kwa petroli watu wanatumia haidrojeni peroksaidi pamoja na chumvi ya chuma (mmenyuko wa Fenton, wa tangu 1894) au pasalfeti iliyoamshwa kwa chuma, joto au alkali. Peroksaidi inaisha haraka na inatoa joto na gesi nyingi, kwa hiyo tafadhali usiisukume chini ya jengo lenye watu. Na kromiamu 6, yaani metali ya kromiamu ikiwa katika hali yake yenye sumu kali, ni kinyume kabisa, hiyo inataka salfeti ya chuma au kalsiamu polisalfaidi iigeuze kuwa kromiamu 3 ambayo sumu yake ni ndogo sana na inashikana na udongo, ukiweka pamanganeti hapo unaweza kuizalisha upya ile mbaya.

Halafu kuna kipimo ambacho watu wanakiruka na ndicho kinaamua kila kitu: udongo wenyewe unakula kemikali. Mboji, mizizi iliyooza, madini ya chuma, vyote vinakula kabla sumu haijaguswa. Chukua udongo wa hapo hapo, weka kwenye chupa na dozi tofauti za kemikali, subiri angalau siku mbili, pima kilichobaki. Tuseme udongo umekula gramu 2 kwa kilo, na mita moja ya ujazo ina kilo kama 1,750, hapo ni kilo 3.5 zimeisha bure kwa kila mita ya ujazo, na eneo la mita 1,000 za ujazo ni tani 3.5. Bora ujue hilo maabara kuliko ulijue pesa ikishaisha.

Ukishapata vibali jaribu kipande kidogo kwanza. Isukume dawa ardhini kwa presha ndogo, anzia pembeni ukienda katikati ili usiisukume sumu nje kwa jirani, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia kama dawa inachomoza juu au inaingia kwenye mitaro. Vaa miwani na glavu, na pamanganeti isikae karibu na mbao wala mafuta, inawasha moto.

Vipimo vya mwezi wa kwanza visikudanganye. Kama maji bado yana rangi ya zambarau, majibu hayana maana, subiri dawa iishe. Endelea kupima angalau mwaka mzima, pamoja na manganizi, kromiamu na aseniki, kwa sababu sumu iliyojificha kwenye udongo wa mfinyanzi hurudi taratibu majini, so raundi ya pili au ya tatu iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Ikiendelea kurudi kila raundi, acha kusukuma dawa, fikiria kuchimba mtaro unaokata njia ya maji na kuujaza chembe za chuma, maji yanapita yenyewe na trikloroethilini inavunjwa humo humo bila pampu.