Umepata banjo? Anza na ngozi, nyuzi baadae

Mtu akipata banjo ya mtumba ya nyuzi tano kitu cha kwanza anakimbilia kukaza nyuzi, alafu anashangaa mbona sauti imefubaa. Jamani banjo ni ngoma yenye nyuzi, ngozi ikilegea hakuna tyuni itakayokaa. Bonyeza ngozi kwa dole gumba karibu na kidaraja (kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi juu ya ngozi), ikizama sana chukua spana ndogo ukaze zile nati za kuzunguka, robo mzunguko tu kila moja, ukikaza hapa unarukia ya upande wa pili, kama unavyofunga tairi. Na usiiwambe motoni, nyingi siku hizi ni plastiki!

Kidaraja hakijagundishwa, kinashikwa na nyuzi tu, kwahiyo ukibadilisha nyuzi badilisha mmoja mmoja. Kukipima, gusa uzi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) bila kubonyeza upige, alafu bonyeza hapohapo upige tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi sogeza kidaraja nyuma kuelekea mkiani, kule nyuzi zinapofungwa, ikiwa chini kilete mbele.

Tyuni sasa. Wapiga gitaa mna bahati, uzi wa 4, 3 na 2 ni noti za D, G, B vilevile, wa 1 ndo unaushusha toka E hadi D. Ule mfupi, wa 5, ni G ya juu, bonyeza wa 1 freti ya 5 uufananishe nao, taratibu maana unakatika kirahisi. Ukikatika na nyuzi za banjo hazipatikani, uzi wa kwanza wa gitaa, namba 10, unafaa, na kama mkia unataka kitanzi toa kile kishanga cha mwisho kwa koleo. Hapo ukipiga zote wazi, bila kubonyeza, ni G, laza kidole juu ya nyuzi ndefu zote freti ya 5 ni C, ya 7 ni D. Nyimbo kibao zimeisha hapo.

Huo uzi mfupi msiudharau. Akonting, ala ya nyuzi ya Wajola wa Senegambia (Afrika Magharibi), inao pia, na inapigwa kwa ukucha kushuka. Waliochukuliwa utumwani ndo walienda na ujuzi huo Karibiani na Marekani, baadae wazungu wakajipaka masizi usoni wakaipandisha jukwaani kuwakejeli weusi, mwisho watu wakaamini banjo ni ya wazungu wa milimani kule Marekani. Mwanamuziki mweusi wa Marekani, Rhiannon Giddens, amepambana sana kurudisha hiyo historia, na banjo ya wimbo Texas Hold 'Em wa Beyoncé, 2024, ni mkono wake.

Kwahiyo mi nasema anza na mtindo huohuo wa ukucha. Kunja vidole, piga uzi mmoja kwa mgongo wa ukucha wa shahada, shuka tena upige nyuzi kadhaa pamoja huku dole gumba likitua kwenye uzi wa 5, ukiinua mkono gumba linauachia, unalia. Polepole mpaka mkono uzoee. Mtindo wa vidole vitatu wa Earl Scruggs, yule mpiga banjo wa Marekani, ni mtamu ila una kasi, huo usubiri kwanza.