Kusawazisha Mzigo wa Fezi Tatu kwenye Transfoma ya Mtaa

Transfoma ya mtaa hutoa umeme kwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazopeleka umeme, pamoja na nyutro, yaani waya wa kurudishia mkondo: volti 400 kati ya fezi na fezi, na volti 230 kati ya fezi na nyutro. Nyumba nyingi hutumia fezi moja tu, na kwa kuwa wateja wapya huungwa kwenye waya ulio rahisi kufikiwa, fezi moja huelemewa huku nyingine zikibaki na nafasi. Tofauti hiyo hurudi kupitia nyutro, nayo hupoteza umeme kwa joto na kushusha volti kwa wakazi wa mwisho wa laini.

Kwanza, pima kwa klampu mita (kifaa kinachobana waya na kusoma mkondo) kila tawi la fezi moja, yaani laini ndogo inayolisha wateja, kati ya saa 1 na saa 3 usiku, kisha rudia mchana. Usitegemee uniti za mwezi, kwani karakana ya kuchomelea na nyumba kadhaa zaweza kutumia uniti sawa ilhali mizigo yao hupanda saa tofauti.

Pili, andika jedwali la matawi, fezi na ampea. Tuseme fezi nyekundu ina matawi ya ampea 30, 24, 9 na 9. Ya njano ina 20 na 16. Ya buluu ina 14 na 10. Jumla ni 72, 36 na 24.

Tatu, kokotoa mkondo wa nyutro: jumlisha miraba ya mikondo mitatu, toa zao la kila jozi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hapa ni takriban ampea 43, ikiwa vipengele-nguvu (power factor) vya fezi zote vinakaribiana.

Nne ndiyo hatua ya algoriti, yaani utaratibu wa hesabu wa kuchagua matawi ya kuhamisha. Njia inayofahamika zaidi hupanga matawi upya kuanzia kubwa na kuliweka kila moja kwenye fezi yenye mzigo mdogo. Hapa hutoa 40, 47 na 45, yaani ampea 6 za nyutro, lakini hudai kuhamisha matawi matatu. Kila uhamisho ni umeme kukatwa na fundi kupanda nguzo, kwa hiyo napendelea programu ianze na hali iliyopo na kujaribu kila jozi ya uhamisho, yaani matawi mawili yakihamishwa pamoja, kila moja kwenda fezi nyingine. Kwa matawi 8 jozi hizo ni 112 tu. Mojawapo hupeleka tawi la 30 kwenye buluu na la 10 kwenye njano: fezi zinakuwa 42, 46 na 44, na nyutro hubaki na ampea 3.5. Jozi inayofaa usiku lakini kuharibu uwiano wa mchana ikataliwe.

Baada ya kuhamisha, pima tena saa zilezile. Vipimo vikipishana sana na hesabu, kagua jedwali, kwani mara nyingi kuna tawi lililowahi kuhamishwa wakati wa dharura bila kuandikwa.